Nimepungua kilo nne lakini tumbo liko palepale: nakosea wapi?

"Habari mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, urefu sentimita 160, uzito kilo 68. Mtoto wa mwisho ana mwaka na miezi minne na nimeshamwachisha ziwa. Kwa miezi mitatu sasa napiga sitapu 200 kila asubuhi, navaa mkanda wa kubana tumbo nikiwa kazini, nakunywa maji ya moto yenye limau, wanga nimeacha kabisa na usiku nalala bila kula. Wikiendi ndiyo najiachia kidogo. Nimepungua kilo nne. Uso na mikono vimekonda mpaka watu wananiuliza kama naumwa, lakini tumbo limegoma, kiuno bado ni sentimita 91. Asubuhi linakuwa limetulia, ikifika jioni naonekana kama nina mimba ya miezi minne. Halafu nikiinuka kitandani kuna kitu kinachomoza katikati ya tumbo kama kigongo. Nataka tumbo bapa, lililokaza. Nifanye nini ambacho sijafanya?"

Pole dada yangu, na hongera pia. Kuamka kufanya mazoezi kila asubuhi kwa miezi mitatu, ukiwa na watoto wawili na kazi, si jambo dogo. Kwa hiyo tusianze kutafuta uvivu hapa, haupo. Nilivyokuelewa, unajinyima na unatoka jasho, halafu mwili unapungua pale usipotaka na kubaki vilevile pale unapotaka. Hilo linakatisha tamaa, na wengi hufika hapo wakaacha kila kitu.

Shida ni kwamba hicho tunachokiita tumbo ni mambo kadhaa yaliyokaa mahali pamoja: mafuta, ukuta wa misuli unaoshikilia viungo vya ndani, chakula na gesi vilivyomo kwenye utumbo, na ngozi iliyotanuka wakati wa ujauzito. Kila kimoja kina dawa yake. Sitapu zako zinashughulika na kipande kidogo tu cha ukuta wa misuli, na kwa dalili moja uliyoitaja mwishoni kama nyongeza, yaani hicho kigongo, nina shaka kwamba hata hapo hazikusaidii sana. Nitakifikia.

Tuanze na mafuta. Sitapu hazichomi mafuta ya tumbo. Najua umeambiwa kinyume chake mara nyingi, lakini mwili hauna njia hiyo. Misuli ikihitaji nishati, homoni kama adrenalini hupita kwenye damu na kuziambia seli za mafuta za mwili mzima ziachie akiba yake. Mafuta hayo yakishaingia kwenye damu, msuli unayachukua humo bila kujali yametoka pajani, shavuni au kiunoni. Wapi patangulie kupungua na wapi pachelewe ni mambo ya urithi, homoni na umri. Kwako uso na mikono vimetangulia. Tumbo nalo lina zamu yake, na kwa wanawake wengi waliokwisha kuzaa zamu hiyo iko karibu na mwisho. Tena, sitapu 200 zenyewe kwa kawaida hazifiki hata kalori 100, ilhali kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba kalori zipatazo 7,700.

Hapa kuna habari njema ambayo haisemwi sana. Mafuta ya tumbo ni ya aina mbili. Yapo ya chini ya ngozi, yale unayoweza kuyafinya kwa vidole, na yapo ya ndani kabisa, yanayozunguka ini na utumbo. Haya ya ndani ndiyo yanayohusishwa na kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo, na ndiyo yanayoitikia upesi mwili ukianza kutembea na kula vizuri. Shirika la Afya Duniani linahesabu kiuno cha mwanamke kinachozidi sentimita 80 kuwa kimeanza kuongeza hatari, na kinachozidi 88 kuwa kimeiongeza sana. Kwa hiyo kiuno chako cha 91 si suala la nguo kukaa vizuri peke yake, na nafurahi umekipima. Nusu ya urefu wako pia ni 80, kipimo kingine ambacho madaktari hukitumia. Basi 80 iwe shabaha yako ya mbali, na 88 iwe ya kwanza.

Sasa chakula. Nikisoma ratiba yako naona mambo mawili. Kwanza, umekonda uso na mikono mpaka watu wanauliza, na hukutaja protini hata mara moja. Mtu akijinyima sana bila protini ya kutosha na bila mazoezi ya kunyanyua uzito, mwili hupunguza mafuta na misuli kwa pamoja. Nina shaka sehemu ya hizo kilo nne ni misuli, na hiyo ni hasara, maana misuli ndiyo inayompa mwanamke huo mwonekano wa kukaza unaoutafuta.

Pili, wikiendi. Tuseme kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa unakula pungufu ya mahitaji yako kwa kalori 500 kila siku. Hiyo ni 2,500. Jumamosi na Jumapili, ukiwa na njaa ya siku tano, ukizidisha 1,250 kila siku, umezirudisha zote. Hilo linatokea bila mtu kuwa mlafi: soda, vitafunwa vya kukaanga, sahani ya pili. Mizani inasimama, wewe unaamini mwili wako una kasoro, kumbe ni hesabu tu. Sikulaumu hata kidogo. Ukiubana mwili kiasi hicho, utadai chake siku utakapolegeza.

Ningekuwa nimekaa nawe mezani, ningekuomba uache kulala na njaa. Kula usiku hakuleti kitambi kwa kuwa ni usiku. Kinacholeta kitambi ni jumla ya siku na wiki. Mwanamke wa umri, urefu na uzito wako mwenye kazi ya kukaa hutumia kalori karibu 1,900 kwa siku, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Kula kati ya 1,500 na 1,600, siku zote saba, kunatosha kukupunguza taratibu. Kupoteza nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na hata robo kilo ni mafanikio kwa mtu ambaye uzito wake haukuzidi sana.

Katika hizo kalori, protini ndiyo ningeipa nafasi ya kwanza. Kwa mtu anayefanya mazoezi, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito zinafaa, na kwako ni kama gramu 82 hadi 109 kwa siku. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, na kipande cha samaki au kuku kinachojaa kiganja kama 25. Ukigawa katika milo mitatu utafika bila shida. Protini hushibisha kuliko wanga na mafuta, na mwili wenyewe hutumia nishati nyingi zaidi kuimeng'enya.

Wanga nao urudishe. Si adui wa tumbo lako. Kilo mbili zinazopotea haraka mtu anapoacha wanga huwa zaidi ni maji, kwa sababu wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa pamoja na maji. Chagua nafaka zisizokobolewa, mizizi, mikunde na matunda, kiasi cha ngumi moja kwa mlo, na nusu ya sahani iwe mboga. Ambacho ningepunguza bila huruma ni vinywaji vya sukari, pombe kama unakunywa, na mafuta ya kupikia yanayomiminwa bila kupimwa. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu ya pombe 7, ya wanga au protini 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na hukioni kwenye sahani.

Maji ya limau hayana ubaya, lakini hayayeyushi chochote. Mkanda nao unabana tu. Jasho linalotoka chini yake ni maji, na yanarudi ukinywa glasi mbili. Kinachonisumbua ni kwamba kiuno kikibanwa kwa nguvu siku nzima, shinikizo linasukumwa chini kwenye misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobeba kibofu na kizazi, na kwako misuli hiyo imeshabeba mimba mbili. Uvue. Na usije ukahamia kwenye chai za kupunguza tumbo. Nyingi zina mmea wa sena, ambao ni dawa ya kuharisha. Huo hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori zimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji na madini kama potasiamu, ambayo moyo unayahitaji.

Nirudi kwenye kigongo, maana hapo ndipo naona ufumbuzi wako mwingine umejificha.

Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu inayoshuka kutoka mbavuni hadi kinenani, mmoja kulia na mwingine kushoto. Katikati inaunganishwa na utando mgumu. Wakati wa ujauzito utando huo hutanuka ili mtoto apate nafasi, na misuli hiyo miwili huachana. Hutokea kwa karibu kila mwanamke mimba inapokuwa kubwa. Baada ya kujifungua huanza kurudiana, hasa katika wiki nane za mwanzo, lakini kwa wengine utando hubaki umelegea, kama lastiki ya sketi iliyovutwa mno. Ukijiinua kitandani, shinikizo la ndani linasukuma utando huo na unachomoza. Hicho ndicho ninachodhani unakiona. Ndiyo maana pia jioni tumbo linakuwa kubwa hivyo: ukuta uliolegea hauwezi kuzuia chakula na gesi ya siku nzima visisukume mbele.

Unaweza kujikagua leo. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo zimekaa sakafuni. Weka ncha za vidole viwili au vitatu vya mkono mmoja juu kidogo ya kitovu, zikiwa zimejipanga kwa upana wa tumbo. Sasa pumua nje na inua kichwa na mabega kidogo tu, kiasi cha mabega kuachana na sakafu. Utahisi kingo mbili za misuli zikivibana vidole kutoka pembeni. Ni vidole vingapi vinaingia katikati? Rudia kwenye kitovu chenyewe, halafu upana wa vidole vitatu chini yake. Mwanya unaozidi vidole viwili, takribani sentimita 2 na zaidi, ndio tunaouita kuachana kwa misuli ya tumbo. Angalia na kina: je, vidole vinagusa kitu kigumu kinachorudisha nguvu, au vinazama kama kwenye unga uliokandwa? Kwa maoni yangu hilo la pili lina uzito kuliko upana. Mwanya mpana wenye utando unaokaza ni afadhali kuliko mwembamba unaozama.

Wataalamu hawakubaliani wote kwamba sitapu huharibu mwanya huu, na sitaki kukutia hofu kwamba umejiumiza. Kanuni ninayoitumia ni rahisi: zoezi lolote linalofanya katikati ya tumbo kuchomoze, kwa sasa ni zito mno kwako. Liache kwanza, utalirudia ukiwa na nguvu. Na kuanzia kesho asubuhi usiinuke kitandani moja kwa moja. Geukia ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono.

Badala ya sitapu, anza na msuli wa ndani kabisa, ule unaozunguka kiuno kutoka mgongoni hadi mbele. Lala chali magoti yamekunjwa, vuta pumzi mbavu zipanuke, kisha toa pumzi taratibu mdomoni huku ukikaza chini kama mtu anayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, na kuivuta sehemu ya chini ya kitovu ndani, polepole. Usibane pumzi, usikaze makalio. Hesabu tano, achia kabisa, rudia mara kumi. Ukilimudu, telezesha kisigino kimoja kwenda mbele na kukirudisha wakati unatoa pumzi, tumbo likiwa tulivu. Baadaye inua mguu mmoja na mkono wa upande wa pili kwa pamoja. Baadaye tena jishikilie kwa ubavu, kiwiko na magoti vikiwa chini. Wengine huyadharau mazoezi haya kwa kuwa hayatoi jasho. Yape wiki sita hadi nane kabla ya kuyahukumu.

Pamoja na hayo, mwili mzima unahitaji uzito. Mara mbili au tatu kwa wiki, ukiacha siku katikati, fanya mazoezi ya misuli mikubwa: kuchuchumaa na kuinuka, kuinama kuanzia nyongani na kunyanyua kitu kizito kutoka chini huku mgongo umenyooka, kuvuta uzito kuelekea kifuani, na pushapu ukiwa umeegemea ukuta au meza. Seti mbili au tatu, kila moja marudio 8 hadi 12, na yale mawili ya mwisho yawe magumu kweli. Toa pumzi kila unaponyanyua. Ukiona uzito umekuwa mwepesi, ongeza. Usiogope kujaa misuli kama mwanamume, homoni zako haziruhusu jambo hilo kutokea kwa bahati mbaya. Halafu tembea kwa mwendo wa haraka, ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba, jumla ya dakika 150 kwa wiki au zaidi. Dakika kumi baada ya kila mlo zinahesabika, na husaidia gesi kutoka.

Kuhusu gesi yenyewe, kwa wiki mbili andika ulichokula na saa ambayo tumbo lilijaa. Tazama vinywaji vyenye gesi, kula kwa haraka, bazoka za kutafuna, maziwa ambayo huenda tumbo lako halipatani nayo, na zaidi ya yote kukosa choo, ambako huwapata wengi walioacha wanga na nyuzinyuzi zake. Ukirudisha mikunde, anza kidogo kidogo na ongeza maji. Siku chache kabla ya hedhi tumbo hujaa kwa sababu ya homoni, kwa hiyo usijipime kiuno wiki hiyo. Jipime asubuhi, mara moja kila wiki mbili, usawa wa katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi.

Usingizi nausemea kwa ufupi kwa sababu najua una mtoto mdogo. Mtu aliyepata usingizi wa saa tano tu, njaa humwandama siku nzima. Kama itabidi uchague kati ya kuamka alfajiri kwa mazoezi na kulala saa moja zaidi baada ya usiku mbaya, lala.

Utegemee nini? Ukifuata haya kwa uthabiti, kigongo na jioni za kujaa mara nyingi hutangulia kupungua, kisha kiuno. Kufika 88 ndani ya miezi mitatu hadi minne ni jambo linalowezekana, 80 ni safari ndefu zaidi. Ngozi iliyolegea na michirizi havikazwi kwa mazoezi, na hakuna mafuta ya kupaka yatakayovifuta kabisa. Ile misuli ya tumbo iliyochorwa vipande vipande unayoiona pichani huhitaji mafuta ya mwili yawe machache sana, kiasi ambacho baadhi ya wanawake hukosa hedhi. Hedhi ikikatika kwa ajili ya kujinyima, mifupa pia inadhurika. Sikushauri ulikimbilie hilo. Na ikiwa mwanya ni mkubwa, umefanya mazoezi miezi kadhaa bila nafuu na umemaliza kuzaa, upasuaji wa kurudisha misuli upo. Si aibu, lakini ni upasuaji kamili wenye kovu na wiki nyingi za kupona, kwa hiyo uje mwisho.

Msomaji mwingine anayenyonyesha asipunguze chakula kwa kiwango hiki, na aliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji, apate kwanza ruhusa ya anayemhudumia.

Wewe ningependa uonwe ana kwa ana hata kabla ya kuanza, kwa sababu ya hicho kigongo. Kama ni mviringo uliotuna karibu na kitovu badala ya tuta refu la katikati, huenda ni ngiri, yaani utumbo au mafuta ya ndani yaliyopenya kwenye ukuta wa tumbo. Kikiwa kigumu, kinauma, hakirudi ndani au unatapika, nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kesho. Pima ujauzito pia kama hedhi imechelewa. Tumbo linalojaa kila siku kwa wiki tatu mfululizo, kushiba haraka, kukojoa mara kwa mara, maumivu ya nyonga, damu kwenye choo, au tumbo linalokua huku mwili ukikonda, hayo yanataka daktari na picha ya tumbo, maana uvimbe wa kizazi au wa ovari (kiungo kinachotoa mayai ya uzazi) unaweza kujificha nyuma ya kile mtu anachodhani ni kitambi. Hedhi inayoruka ruka pamoja na nywele kidevuni nayo ni sababu ya kupima homoni.

Daktari asipokuta tatizo la aina hiyo, mtu wa kukusaidia zaidi ni mtaalamu wa fiziotherapia anayehudumia wanawake baada ya uzazi. Atapima mwanya vizuri kuliko vidole vyako na kukupangia hatua. Ukienda, mwambie pia kama mkojo hukutoka ukikohoa, ukicheka au ukiruka. Wengi hulificha hilo kwa miaka wakidhani ndiyo kawaida ya kuzaa, na kwa wanawake wengi mazoezi ya nyonga yakielekezwa vizuri hulipunguza au kuliondoa kabisa.